Wazazi wanapenda milima? Wazawadie Lushoto
Badala ya kitenge kingine, walipie mzee na mama siku 3 za kutembea Lushoto, milima ya Usambara. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa haiwatesi kama Kilimanjaro yenye mita 5,895. Waanze na Irente, kilomita 5 hadi 6 kutoka mjini. Ukifika ukingoni, nyika yote iko chini yako. Kesho yake msitu wa Magamba, na mwongozaji wa hapohapo. Epuka Machi hadi Mei, njia zinateleza. Juni na Julai fungasha masweta. Ila sapraizi isizidi: ulizia kwanza magoti na presha. Wakijibu “tuko fiti”, mwongozaji mtajie umri wao wa kweli.