Biti ya Nane na Irabu ya Mwisho: Matini ya Kiswahili Katika Uhawilishaji wa Faili Kutoka Kompyuta za Kubebeka za Miaka ya 1980

Historia ya kompyuta za kubebeka imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya mashine na tarehe za kuingia kwake sokoni. Osborne 1 ilitoka mwaka 1981 ikiwa na uzito wa takribani kilo 11, kiwambo cha inchi 5 na viendeshi viwili vya diski laini. Mwaka 1983 kampuni ya Tandy ya Marekani ilianza kuuza TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na Kyocera ya Japani: kilo 1.4 hivi, kiwambo cha mistari 8 yenye nafasi 40 za herufi kila mmoja, betri nne za kawaida, na modemu ndani yake. Waandishi wa habari waliipenda, kwa kuwa habari iliyochapwa hotelini iliweza kufika chumba cha habari kwa simu usiku huohuo.

Makala hii inafuata mkondo mwingine. Inachunguza kinachoipata matini inapotoka katika mashine hizo na kuingia katika kompyuta za baadaye, na inadai kwamba safari hiyo ni aina ya unakili. Mwanafilolojia anayesoma miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu anajua kwamba kila mnakili huacha alama ya mkono wake. Kebo, modemu na programu nazo huacha alama, na kwa Kiswahili alama hizo huangukia mahali pabaya kuliko pote: mwishoni mwa neno.

Njia za kutokea

Model 100 haikuwa na kiendeshi cha diski ndani yake. Kilichochapwa kilikaa katika kumbukumbu isiyozidi kilobaiti 32, na kilitolewa kwa kaseti ya sauti, kwa simu au kwa mlango wa RS-232. Modemu yake ilipeleka biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30. Ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi kidogo ya dakika moja. Kilobaiti 32 zingechukua dakika 18 hivi. Programu yake ya mawasiliano, TELCOM, ilituma matini bila kukagua kama herufi imefika au imepotea njiani.

Ukaguzi ulipatikana kwingine. Mwaka 1977 Ward Christensen alibuni itifaki iliyokuja kujulikana kama XMODEM, kwa ajili ya kompyuta za mfumo wa CP/M. Faili hukatwa katika vipande vya baiti 128, kila kipande hufuatana na jumla ya ukaguzi, na kipande kilichoharibika hutumwa tena. Kwa kuwa kipande cha mwisho hakina budi kujazwa, faili nyingi zilizopita njia hiyo zina mkia wa alama zisizo za mwandishi. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza kuunda Kermit, itifaki iliyoweza kupitisha data yoyote hata katika mitambo iliyokubali biti saba pekee. Baadaye ilikuja LapLink ya kampuni ya Traveling Software, na mwaka 1993 MS-DOS 6 ikaja na programu yake yenyewe ya kuunganisha kompyuta mbili kwa kebo.

Biti ya nane

Msimbo wa ASCII, uliosanifishwa mara ya kwanza mwaka 1963, hutumia biti saba na una nafasi 128. Tahajia sanifu ya Kiswahili hutosheka ndani yake bila shida: haina herufi zenye vialama, na hata ng' huandikwa kwa alama ya kawaida ya kibodi. Kwa hiyo mtu angetarajia matini ya Kiswahili ivuke salama kuliko ya Kifaransa. Hali haikuwa hivyo daima, kwa sababu baiti ya kompyuta ina biti nane, na biti ya nane, iliyobaki wazi, ilipata matumizi mengine.

WordStar, programu ya uchapaji iliyouzwa pamoja na Osborne 1, iliitumia kwa mpangilio wa ukurasa. Ilipopanga aya, iliwasha biti ya nane katika herufi ya mwisho ya neno ili kujua mahali pa kuongeza nafasi. Kiwamboni mwa WordStar yenyewe hakuna kilichoonekana. Faili hiyohiyo ikisomwa kwa msimbo wa Windows wa Ulaya Magharibi, a hugeuka á, e hugeuka å, i hugeuka é, o hugeuka ï, na u hugeuka õ. “Mtoto anasoma kitabu” husomeka “Mtotï anasomá kitabõ”. Ikisomwa katika kompyuta ya DOS, a ileile huonekana kama ß.

Katika Kiingereza uharibifu huo husambaa katika konsonanti na irabu mbalimbali, na msomaji hukisia. Katika Kiswahili karibu kila neno huishia kwa irabu, na irabu hiyo hubeba sarufi. Tuseme mtunza kumbukumbu, kwa nia njema, anaendesha programu inayofuta kila alama iliyo nje ya ASCII. Asome na asoma yote mawili yatabaki asom. La kwanza ni dhamira tegemezi; la pili ni wakati uliopo wa ushairi na wa lahaja za pwani. Hasomi litabaki hasom, na kiambishi tamati cha ukanushi kitakuwa kimefutika. Jedwali la viambishi tamati linalotokana na faili kama hiyo litakuwa la uongo, na hakuna atakayeweza kulisahihisha ikiwa faili asilia imeshatupwa.

Ipo njia iliyoonekana kuwa tiba. Mawasiliano yakiwekwa katika biti saba, biti ya nane hudondoka na irabu zote hurudi mahali pake. Lakini WordStar iliitumia biti hiyohiyo kutofautisha aina mbili za mwisho wa mstari: uliowekwa na programu kwa sababu ukingo umefika, na uliowekwa na mchapaji kwa kubonyeza kitufe. Tofauti ya hizo mbili ni biti moja. Ikiondolewa, kila mstari huonekana kana kwamba mwandishi mwenyewe ameukata. Katika nathari hilo ni usumbufu tu. Katika unukuzi wa utenzi au wa masimulizi yaliyochanganyika na nyimbo, ambamo mwisho wa mshororo ni sehemu ya matini, ushahidi wa mahali ubeti ulipoanza na nathari ilipokoma hupotea kimya kimya. Irabu zilizoharibika hujitangaza. Mistari iliyosawazishwa haimshtui mtu.

Kuna chanzo kingine cha dalili zinazofanana na hizo. Mitambo mingi iliyotumia biti saba iliweka biti ya usawa katika nafasi ya nane, ili jumla ya biti zilizowashwa iwe shufwa. Mpokeaji aliyesahau kulinganisha mipangilio aliipokea kama sehemu ya herufi. Hapo irabu hazibadiliki kwa nafasi yake katika neno: a na u, zenye idadi witiri ya biti zilizowashwa, hubadilika popote zilipo, pamoja na baadhi ya konsonanti, ilhali e, i na o hubaki salama. Mtafiti anayekuta á mwishoni tu mwa maneno ana faili ya WordStar mkononi. Anayeikuta pia mwanzoni na katikati, huku i na o zikiwa nzima, ana faili iliyopokelewa kwa mpangilio usiolingana. Huu ni uhakiki wa matini wa kawaida kabisa, na inashangaza kwamba haufundishwi pamoja na uhakiki wa miswada.

Lugha jirani hazikupata hata nafuu ya biti saba. Kikuyu na Kikamba zinahitaji ĩ na ũ, Kiganda kinahitaji ŋ, na maandishi ya kitaaluma ya Kilingala hutumia ɛ na ɔ. Kabla ya Unicode, iliyotolewa mwaka 1991 na kuenea polepole, herufi kama hizo zilipachikwa katika nafasi zilizo juu ya 127 kwa fonti maalumu. Kwao biti ya nane ndiyo lugha yenyewe, na tiba inayookoa Kiswahili huziua. Kiswahili nacho kina deni lake dogo: programu za leo hugeuza alama iliyonyooka ya ng'ombe kuwa iliyopinda, na programu ya konkodansi isiyosawazisha alama hizo huhesabu ng'ombe wa aina mbili.

Cha kuhifadhi

Muda wa kazi hii unazidi kufupika. Mlango wa RS-232 umetoweka katika kompyuta mpakato, ingawa kigeuzi cha USB na kebo iliyopishanisha waya za kutuma na kupokea bado huzungumza na Model 100. Sony ilisitisha mauzo ya diski za inchi 3.5 nchini Japani mwaka 2011. Diski za inchi 5.25 za Osborne zinahitaji kiendeshi cha zamani pamoja na kifaa kama Greaseweazle au KryoFlux, ambacho hurekodi mabadiliko ya sumaku yenyewe na kuacha tafsiri yake ifanywe baadaye.

Utaratibu huo wa kunakili kwanza na kufasiri baadaye ndio unaofaa kuingizwa katika miongozo ya hifadhi za vyuo na mabaraza ya lugha. Kanuni inayomtaka mtafiti awasilishe matini katika umbo la kisasa pekee huhalalisha kutupwa kwa ushahidi. Kinachopaswa kudaiwa ni nakala ya baiti zote kabla ya usafishaji, na karatasi moja inayotaja mashine, programu, itifaki, kasi, idadi ya biti na usawa uliotumika.

Kwa Model 100 na mashine za aina yake, hakuna diski ya kurudia. Faili zimo katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya nikeli na kadimi iliyounganishwa kwenye ubao wa saketi, na betri hiyo ikiisha chaji faili hufutika. Ikizeeka huvuja na kula ubao. Mashine kama hiyo ikipatikana kabatini na bado inawaka, iunganishwe na umeme na faili zitolewe kwa kebo kabla ya mtu yeyote kuifungua kwa ajili ya matengenezo.