Wakili wa Kapenguria

Kila siku ya kesi, mwishoni mwa 1952, mawakili wa utetezi walipanda gari Kitale na kwenda Kapenguria, zaidi ya kilomita 30 za vumbi. Huko hukuingia bila kibali. Hapakuwa na hoteli wala simu, na vitabu vya sheria ni vile ulivyobeba mwenyewe. Mahakama iliwekwa katika chumba cha darasa. Serikali ya kikoloni ilipapenda mahali hapo kwa sababu palikuwa mbali na Nairobi, mbali na waandishi wa habari na mbali na wananchi waliotaka kumwona Jomo Kenyatta.

Kiongozi wa mawakili hao alikuwa Denis Nowell Pritt, Mwingereza wa miaka 65, aliyewahi kuwa mbunge London kwa miaka 15. Aliwatetea watu sita: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walioshtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, harakati ya siri dhidi ya ukoloni. Pamoja naye walikuwapo Dudley Thompson wa Jamaika, aliyekuwa akifanya uwakili Moshi, H. O. Davies kutoka Nigeria, na Chaman Lall, mbunge kutoka India. Mawakili wa Kenya walikuwa A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Hoteli ya Kitale ilikuwa ya Wazungu, kwa hiyo watu waliokaa meza moja mchana kutwa hawakuweza kulala chini ya paa moja usiku.

Vita vya kwanza vya Pritt vilikuwa vya lugha. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekulia Ugikuyuni na kukijua Kikuyu barabara, lakini aliyejulikana pia kwa kuipinga Mau Mau waziwazi. Maneno ya mashahidi yangemfikia hakimu kupitia kinywa chake. Pritt alilalamika mahakamani, na hatimaye Leakey akajiondoa. Mtu akisoma habari za kesi hii upesi atapita hapo bila kusimama. Mimi husimama, kwa sababu mshtakiwa ambaye maneno ya mashahidi yake yanapindishwa njiani hana utetezi hata akipewa mawakili kumi.

Kisha yupo Rawson Macharia, shahidi aliyeubeba upande wa mashtaka. Alisema kwamba mnamo Machi 1950, mahali paitwapo Kiamwange, alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Pritt na wenzake wakaleta mashahidi, mmoja baada ya mwingine, wakakanusha. Hata tarehe yenyewe ilikuwa na kasoro, maana Mau Mau haikupigwa marufuku hadi Agosti 1950. Hakimu Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hii, alitamka wazi katika hukumu kwamba amemwamini shahidi huyo mmoja na kuwakataa kumi wa utetezi. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwapa wote sita miaka saba na kazi ngumu. Wanahistoria wameandika kwamba Thacker alilipwa pauni 20,000 kwa kazi hiyo.

Kabla ya hukumu hiyo, Pritt mwenyewe nusura aungane nao kizimbani. Alituma simu ya maandishi kwa wabunge London kueleza kwamba jinsi kesi inavyoendeshwa ni sawa na kunyima watu haki. Thacker akaahirisha kesi, Pritt akapelekwa Nairobi kujibu shtaka la kuidharau mahakama. Aliachiliwa, akarudi Kapenguria kuendelea na mashahidi wake.

Ukimpima kwa matokeo, alikuwa na ushindi wake kwingine. Mwaka 1932 alisimama London upande wa Ho Chi Minh, aliyekamatwa Hong Kong, na mapatano yaliyofikiwa yakamwokoa asikabidhiwe kwa Wafaransa. Mwaka 1954 huko Singapore aliwatetea wanafunzi wa jarida la Fajar walioshtakiwa kwa uchochezi, na wote wakaachiliwa. Msaidizi wake alikuwa kijana aitwaye Lee Kuan Yew. Mwaka 1958 alikuja Dar es Salaam kumtetea Julius Nyerere, aliyeshtakiwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU. Safari hii hakushinda: Nyerere alipatikana na hatia, faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Alilipa, akaendelea na maandalizi ya uchaguzi.

Lakini heshima ninayompa isifiche jambo hili. Mwaka 1936 Pritt alihudhuria mojawapo ya kesi za Stalin mjini Moscow, akaandika kwamba ilikuwa ya haki, nayo ilikuwa ya uongo mtupu. Aliyakubali Moscow mambo ambayo Kapenguria aliyapinga kwa nguvu zake zote. Linanisumbua, na sijapata namna ya kulieleza likaeleweka.

Mwishoni mwa 1958 Macharia alikula kiapo kingine, cha kweli: alidanganya Kapenguria, na malipo yake yalikuwa safari ya masomo Uingereza pamoja na ahadi ya kazi serikalini. Barua ya ahadi hiyo ilikuwapo. Serikali ilimshtaki kwa kiapo hicho kipya, ikaacha ushahidi wa Kapenguria ulivyo, na akafungwa.

Katika rufaa mmoja tu kati ya wale sita alishinda, Achieng Oneko. Januari 1954 mahakama ilisema hana hatia. Hakwenda nyumbani. Aliwekwa kizuizini kwa amri ya serikali, akakaa huko hadi 1961.