Simon Kimbangu Mbele ya Korti na Mbele ya Magazeti

Wasikilizaji wetu, mtu ashukaye kutoka Kalinzi hata ufukoni Kigoma huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nasi tumezoea kuitazama pasipo kuuliza yaliyotendeka nyuma yake. Leo twapenda kuwapa habari za Simon Kimbangu. Yeye alikuwa mwenyeji wa Nkamba, upande wa Kongo uelekeao bahari ya Atlantiki, mbali sana na ziwa letu. Lakini alifia gerezani Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, katika Katanga, jimbo ambalo zamani hizo lilifika hata ufuko wa ziwa hili.

Kimbangu alibatizwa mwaka 1915 na Wamisheni Wabaptisti wa Uingereza. Tarehe 6 Aprili 1921, yasemekana, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, naye akapona. Watu wakamiminika Nkamba makundi makundi, hata kutoka Angola na Kongo ya Wafaransa. Wagonjwa wakaacha hospitali, vibarua wakaacha kazi za Wazungu.

Je, aliwafundisha nini? Watupe hirizi na sanamu za uganga. Mwanamume awe na mke mmoja. Waache ngoma za aibu. Sisi waalimu tuliolelewa katika shule za misheni twastaajabu hapa, kwa maana hayo ndiyo tuliyokaririshwa tangu utoto. Lau yangalitoka kinywani mwa padre, padre angalisifiwa. Lakini yalitoka kwa mtu mweusi ambaye hakutumwa na misheni yo yote.

Mtawala wa wilaya, ambaye huku kwetu angaliitwa Bwana Shauri, alikuwa Léon Morel. Alifika Nkamba mwezi wa Mei, akatazama, kisha akawaandikia wakuu wake kwamba jambo hili lazima lizuiwe, kwa kuwa Waafrika wataipenda dini inayolingana na fikira zao. Hayo ndiyo yaliyomtia hofu. Tarehe 6 Juni akarudi pamoja na askari. Kimbangu akawaponyoka, akahubiri mafichoni kama miezi mitatu, na mwezi wa Septemba akarudi mwenyewe kijijini kwake, akakamatwa.

Magazeti ya Wazungu, kama L'Avenir colonial belge la Kinshasa, yalichochea moto. Yule aliyekaa barazani kwake Kinshasa hakumwona Kimbangu akiomba. Alisoma habari za uasi, na za fikira za Marcus Garvey zilizovuka bahari kutoka Marekani. Hatusemi kwamba hofu yote ilikuwa ya bure. Wako wahubiri wengine waliotangaza kwamba siku za Wazungu zakaribia kwisha, na watu wakasikia. Ila maneno ya hao yaliwekwa shingoni mwa mtu mmoja, na wafuasi wake hawakuwa na gazeti la kujibia.

Korti ya kijeshi ilikaa Thysville. Kimbangu hakuwa na wakili. Tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa viboko 120, kisha kifo. Wamisheni Waprotestanti wakamwombea huruma, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951.

Wafuasi wake nao walihamishwa kwa nguvu pamoja na jamaa zao, wengine wakapelekwa kambi ya Lowa, huko mashariki, kando ya mto Lualaba. Serikali ilidhani kwamba inawatawanya. Kumbe walikwenda na sala zao, wakawafundisha wenyeji wa kila mahali walipotupwa! Nyumbani, Marie Muilu, mkewe Kimbangu, aliwakusanya waumini kwa siri miaka hiyo yote. Akafariki mwaka 1959, miezi michache kabla ya tarehe 24 Desemba, siku ambayo serikali ya Wabelgiji ililikubali kanisa lao. Mwaka 1960 mifupa ya Kimbangu ikarudishwa Nkamba.

Hukumu ile ya Thysville ilibaki katika vitabu vya korti hata mwaka 2011, ndipo mahakama kuu ya kijeshi ya Kongo ikaifuta. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa katika Kongo, na ofisi za serikali hufungwa.