Tiba ya Wasiwasi Ukambani: Kutoka kwa Mundu Mue hadi Zahanati

Kwa zaidi ya karne moja, mtu aliyelemewa na hofu katika maeneo ya Kitui na Makueni, Ukambani nchini Kenya, amepata nafuu au kuikosa kulingana na umbali wa anayeweza kumsaidia. Nchi ni pana na kavu: Kitui pekee ina takriban kilomita za mraba 30,000, na mvua ikikosa, mashaka huingia kila boma. Njaa ya Ngomanisye mwishoni mwa karne ya 19, na ile ya 1961 iliyoitwa Yua ya Ndeke kwa kuwa chakula kiliangushwa kwa ndege, zilibaki katika kumbukumbu za vizazi.

Hapo zamani, aliyekosa usingizi au kuandamwa na hofu isiyo na chanzo alipelekwa kwa mundu mue, mganga na mpiga ramli. Mganga alitikisa kibuyu, akamwaga mbegu na kuzihesabu kwa mafungu, huku akitafuta chanzo cha shida katika mambo ya jamaa na marehemu wa ukoo. Ikionekana ni roho, ngoma ya kilumi ilipigwa, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Desturi hizi ziliandikwa na mtafiti wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyefanya kazi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910. Tiba ilifanyika nyumbani, mbele ya ndugu na majirani, na mgonjwa hakutengwa.

Utawala wa kikoloni uliyatazama mambo haya kwa jicho la usalama. Mwaka 1911, vuguvugu la kupagawa lilipoenea Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, viongozi wake Siotune wa Kathuke na Kiamba walihamishwa. Sheria ya Uchawi ya 1925 iliwatia waganga hofu ya kushtakiwa. Upande wa hospitali, serikali ilifungua kituo cha wagonjwa wa akili Nairobi mwaka 1910, kikaitwa Mathari mwaka 1924. Kilikusudiwa hasa kwa wale walioonekana kuwa hatari. Mkulima wa Kitui aliyeteswa na wasiwasi kimyakimya hakuwa na nafasi humo, na safari yenyewe ilikuwa ya takriban kilomita 170. Wengi waliegemea maombi ya kanisani, yaliyoenea kupitia misheni kama ile ya Mulango.

Baada ya uhuru, wodi za akili zilifunguliwa katika hospitali za mikoani, Machakos ikiwemo. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilifuata, lakini vijiji vingi vilibaki mbali na mtaalamu.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya afya kukabidhiwa kaunti mwaka 2013. Huko Makueni, shirika la Africa Mental Health Foundation, lililoanzishwa na Profesa David Ndetei, lilitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP kuwafundisha wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa jamii. Waganga wa kienyeji na wahubiri waliketishwa meza moja na wahudumu hao. Walijifunza kutambua dalili za mfadhaiko, kama huzuni ya wiki mbili au zaidi na kukosa hamu ya mambo yaliyopendeza awali, kisha kumpeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya. Kila upande ulikuwa ukimshuku mwenzake, hata hivyo mazungumzo yalionyesha kwamba ushirikiano unawezekana.

Wasiwasi wenyewe ulichelewa kupewa uzito. Mwongozo wa mhGAP ulianza kuupa mapendekezo yake pekee katika toleo la 2023. Mwaka huohuo Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaotembea nyumba kwa nyumba. Hao ndio walio karibu zaidi na mgonjwa, kama mundu mue alivyokuwa. Kaunti za Kitui na Makueni zinapaswa kuwapa mafunzo ya afya ya akili, dawa kwenye zahanati zilizo karibu nao na malipo ya uhakika, la sivyo msaada utabaki mjini na hofu itabaki kijijini.