Dawa za ugonjwa wa huzuni: mgonjwa anapashwa kuepuka chakula gani?

Mtu akitoka hospitali na dawa za ugonjwa wa huzuni kubwa, ule wengi wanaita depresiyo, majirani wanaanza kumwambia: usikule fromaji, usikule samaki, usikule maharagi. Kuko wanaoogopa, wanawacha dawa. Lakini makatazo haya hayahusu dawa zote. Jambo la kwanza ni kujua jina la dawa uliyopewa.

Amitriptilini na fluoksetini

Hizi mbili ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS). Hazikatazi fromaji, samaki wala maharagi.

Adui yao mkubwa ni pombe: bia, kasiksi, kanyanga, zote. Amitriptilini yenyewe inaleta usingizi. Ukiongeza pombe, usingizi unazidi, na mtu anaweza kuanguka ao kupata ajali. Dereva wa moto ajichunge sana. Tena pombe inarudisha ile huzuni ambayo dawa inatafuta kuondoa.

Amitriptilini inaweza pia kukausha kinywa na kufunga choo. Maji mengi, matunda, lengalenga na sombe vinasaidia.

Dawa za jamii ya IMAO

Hapa ndipo katazo la fromaji lilitokea. Huko Uingereza, wagonjwa waliokunywa dawa hizi walishikwa na maumivu makali ya kichwa kisha kula fromaji. Mwaka 1963, munganga Barry Blackwell aliandika juu ya jambo hilo katika gazeti la waganga, The Lancet.

Sababu ni kitu kinachoitwa tiramini. Kinaongezeka ndani ya chakula kilichokaa sana ao kilichochacha. Kwa kawaida mwili unakivunja. IMAO inazuia kazi hiyo, tiramini inaingia katika damu, na tansiyo inapanda gafula.

Mwenye kutumia IMAO, kama fenelzini ao tranilsipromini, aepuke:

- fromaji iliyokomaa, hata ile ya Masisi iliyowekwa muda mrefu;
- makayabo, na samaki ao nyama iliyoanza kunuka;
- sosiso kavu;
- kasiksi na pombe zingine za kutengeneza nyumbani.

Samaki iliyotoka ziwani leo na kupikwa leo haina shida. Ni vile vile kwa nyama ya leo na maharagi ya kawaida. Kisha kumaliza dawa, katazo linaendelea wiki 2.

Wagonjwa wa kifua kikuu sugu

Linezolidi, dawa ya kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, inafanya kazi kidogo kama IMAO. Anayeipewa na tayari anakunywa dawa ya huzuni amwambie munganga mbele ya kuanza.

Alama za hatari

Kichwa kuuma gafula na kwa nguvu, shingo kukaza, moyo kupiga mbio, kutapika: ukiona hivyo kisha kula, kimbia hospitali, na ubebe pakiti ya dawa.

Usiwache dawa peke yako juu ya maneno ya watu. Mara nyingi inaomba wiki 2 mpaka 4 mbele ya kusikia nafuu. Onyesha munganga ao muuguzi ile pakiti na umuulize: hii ni IMAO ao hapana? Jibu lake ndilo litakuambia kama fromaji inabaki mezani.