Taa za viwanja vya tenisi: Klabu ndogo itatoa wapi fedha?

NCHINI Kenya jua hutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima. Mfanyakazi anayetoka ofisini saa kumi na moja, akishapambana na msongamano wa magari, hufika klabuni giza likibisha hodi.

Ndiposa taa za uwanjani si pambo katika klabu ya tenisi. Ndizo huamua iwapo uwanja utatumika baada ya kazi na masomo, iwapo kocha atapata wanafunzi wa kutosha, na iwapo mapato yatamudu mishahara ya watunzaji wa viwanja.

Hata hivyo, kamati nyingi huanza kwa kuuliza bei ya nguzo na taa. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: baada ya taa kuwashwa, ni nani atakayelipa umeme na mkopo kila mwezi, na kwa pesa zipi?

Tenisi ya usiku

Mchezo huu ulizaliwa kuwa mchezo wa mchana. Mashindano ya US Open yalianza vipindi vya usiku mwaka 1975, ilhali yale ya Roland Garros nchini Ufaransa yalisubiri hadi mwaka 2021. Wimbledon iliweka paa na taa katika uwanja wake mkuu mwaka 2009.

Nchini Kenya, tenisi ilikita mizizi katika klabu za enzi ya ukoloni, zikiwemo Mombasa Sports Club iliyoanzishwa mwaka 1896, Nairobi Club ya mwaka 1901 na Parklands Sports Club ya mwaka 1906. Klabu kubwa za aina hiyo zina mapato ya mikahawa na kumbi. Klabu ndogo ya mtaani au ya mji wa kaunti, yenye viwanja viwili au vitatu, haina mto huo wa kuegemea.

Mwaka 2022 Angela Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, aliposhinda Wimbledon kwa wasichana wawili wawili akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Ushindi kama huo huwavuta watoto viwanjani, na wengi wao huwa huru jioni tu, baada ya masomo.

Taa za kale na za kisasa

Klabu zilizowekewa taa miaka mingi iliyopita aghalabu hutumia balbu za metali halaidi, kila moja ikiwa na nguvu ya wati 1,000 hivi. Balbu hizo huhitaji dakika kadhaa kufikia mwanga kamili, na umeme ukipotea hata kwa sekunde chache, wachezaji hungoja hadi zipoe ndipo ziwake tena. Kadri zinavyozeeka hufifia, ilhali bili ya umeme haipungui. Isitoshe, zina zebaki, hivyo hazifai kutupwa ovyo.

Taa za LED huwaka papo hapo, hudumu kwa muda mrefu zaidi na zinaweza kutoa mwanga ule ule kwa takriban nusu ya umeme. Pia huelekeza mwanga uwanjani badala ya kuumwaga katika madirisha ya majirani.

Mwanga hupimwa kwa kipimo cha luksi. Kiwango cha Ulaya kinachojulikana kama EN 12193 hutaka wastani wa luksi 200 kwa mazoezi na burudani, 300 kwa mashindano ya klabu na 500 kwa mashindano ya ngazi za juu. Vilevile hutaka mwanga uenee sawasawa: katika daraja la klabu, mahali penye mwanga hafifu zaidi pasipungue asilimia 70 ya wastani. Mpira ukipita kutoka kwenye mwanga mkali hadi kwenye kivuli, mchezaji huupoteza machoni.

Kwa hivyo, klabu isiyoandaa mashindano makubwa haina haja ya kununua luksi 500. Kuchagua daraja linalofaa ndiyo njia ya kwanza ya kuokoa fedha.

Hesabu ya uwanja mmoja

Tuchukue mfano wa uwanja wenye taa nane za wati 1,000, zinazowashwa saa tatu kila usiku kwa siku 300 za mwaka. Hizo ni saa 900, na umeme unaotumika ni uniti 7,200. Ikiwa kila uniti ni Sh25, bili ni Sh180,000 kwa mwaka.

Ikiwa wachezaji hutozwa Sh200 za taa kwa kila saa, klabu hukusanya Sh180,000 zizo hizo. Haipati faida wala hasara, na balbu ikiungua hakuna akiba ya kununulia nyingine.

Taa za LED zikipunguza umeme kwa nusu, bili hushuka hadi Sh90,000. Ada isipobadilika, klabu husalia na Sh90,000 kila mwaka. Hapo ndipo penye uwezo wake wa kulipa deni.

Tuseme sasa kwamba mradi mzima unagharimu Sh900,000. Klabu ikikopa kiasi chote kwa riba ya asilimia 12, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni Sh108,000, ambayo inapita akiba yote. Deni litaongezeka badala ya kupungua, na kamati italazimika kupandisha ada.

Lakini ikichangisha Sh500,000 kwanza, kisha ikope Sh400,000 zilizosalia kwa riba iyo hiyo, Sh90,000 za kila mwaka zitamaliza deni katika muda wa miaka saba hivi. Bei na riba hutofautiana, ila kanuni haibadiliki: akiba ya umeme inaweza kubeba sehemu ya gharama, si gharama yote.

Vyanzo vya fedha

Chanzo cha kwanza ni wanachama wenyewe, kwa harambee au kwa mkopo wanaoipa klabu bila riba na kurudishiwa kwa awamu. Mfadhili wa nje hutazama kwanza kama wenye klabu wametia mikono mifukoni.

Pili ni kampuni zilizo karibu, ambazo zinaweza kugharamia nguzo au uwanja mmoja kwa kubadilishana na tangazo uani. Tatu ni vyama vya akiba na mikopo pamoja na benki, kwa sehemu ndogo iliyosalia.

Serikali nayo iliunda Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii mwaka 2018, ila klabu moja ya mtaani haifai kujenga bajeti yake juu ya tumaini hilo. Muhimu ni kusajiliwa na Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, na kuwa na hesabu zilizokaguliwa, kwani mfadhili makini huulizia hati hizo.

Nchini Uingereza, pengo la riba huzibwa na shirikisho lenyewe. Chama cha tenisi cha nchi hiyo, LTA, hupokea sehemu kubwa ya faida ya mashindano ya Wimbledon na kimekuwa kikizikopesha klabu bila riba kwa miradi kama hii. Mkopo wa aina hiyo ungebadilisha kabisa hesabu iliyotangulia: Sh900,000 zingelipwa kwa miaka 10 bila mchango wowote. Kenya haina mashindano yenye utajiri wa Wimbledon, lakini hazina ndogo ya pamoja, inayokopesha klabu moja na kungoja irejeshe kabla ya kukopesha nyingine, ni jambo ambalo wanavyama wa Sacco wanalielewa vyema.

Kabla ya kununua

Fundi aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) anafaa kukagua nyaya na nguzo za zamani. Nguzo imara zikiweza kutumika tena, gharama hupungua sana. Zilizooza chini ni hatari kwa maisha. Katika miji ya Pwani, chumvi ya bahari hula chuma upesi.

Nguzo mpya zinahitaji idhini ya kaunti, na zikiwa karibu na uwanja wa ndege, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) huhusishwa kuhusu urefu wake. Ni busara pia kuzungumza na majirani mapema na kukubaliana saa ya kuzima taa.

Mita ya kulipia kabla, ambapo taa huwaka tu baada ya mchezaji kulipa, huziba mianya ya wanaocheza bure na kuizuia klabu kuwasha uwanja mtupu.

Mwisho ni suala la haki. Ada ya taa ikipanda, wa kwanza kutoweka ni mtoto ambaye mzazi wake huhesabu nauli. Kamati inayotenga saa ya kwanza ya jioni kwa vijana bila ada ya taa, na kuiandika saa hiyo katika bajeti tangu mwanzo, huwa imejua taa hizo zinawekwa kwa ajili ya nani.