Ufagio wa Mtaa, Gari la Halmashauri: Historia ya Usafi Korogwe na Handeni

Usafi wa mji una kazi mbili: kufagia na kuzoa. Korogwe na Handeni, miji ya Mkoa wa Tanga inayounganishwa na barabara ya kilomita 65, imepitia tawala kadhaa, na karibu kila utawala ulimwachia mkazi ufagio huku ukijiwekea wenyewe madaraka ya kuzoa. Ugomvi wa wakazi na wenye mamlaka umezaliwa hapo katikati.

Katika vijiji vya zamani vya Wazigua, wenyeji wa sehemu hizi, taka hazikuhitaji kubebwa mbali. Majivu, maganda na makapi ya nafaka yalitupwa jaani nyuma ya nyumba, yakaoza, yakarudi shambani. Kila kaya ilifagia uwanja wake. Kazi iliyoshinda nguvu za kaya moja, kama kufyeka njia au kuzibua kisima, ilifanywa kwa pamoja, kama ilivyo kwa majirani zao wa Upare katika msaragambo.

Hali ilibadilika ilipokuja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge kama Magunga, Ngombezi na Hale yalivuta manamba kutoka mbali, wakapangwa kambini. Watu wengi walikusanyika pahali pamoja bila shamba wala jaa la kila nyumba. Handeni haikupata reli. Ilikua taratibu ikilizunguka boma na soko lake.

Waingereza walileta Sheria ya Miji ya mwaka 1920. Katika miji iliyotangazwa rasmi, bwana afya aliweza kukagua nyua na kuwashtaki wachafuzi. Nje ya miji hiyo, sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu na majumbe uwezo wa kutoa amri za kulinda maji na kuzuia maradhi. Usafi ukaanza kuonekana kama amri ya boma, yenye faini nyuma yake.

Baada ya uhuru, kazi ya pamoja ilipewa heshima mpya kwa jina la kujenga taifa, ikasimamiwa na mabalozi wa nyumba kumi wa TANU. Kilele chake kilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Kampeni ilifaulu kwa sababu kazi zake zilianzia na kuishia mikononi mwa wanakijiji wenyewe. Shimo la choo halisubiri gari.

Mambo yalikwenda kinyume upande wa mamlaka. Mfumo wa madaraka mikoani ulioanza mwaka 1972 ulifuta serikali za mitaa, na huduma za miji zikadorora. Kipindupindu kilichozuka mwaka 1977 kilikuwa miongoni mwa sababu za kurudishwa kwa halmashauri za miji kwa sheria ya mwaka 1978. Halmashauri za wilaya zilirudi kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Hata hivyo, Korogwe na Handeni zilibaki chini ya halmashauri za wilaya zenye vijiji vingi, na taka za mjini zilishindania fedha na barabara, shule na zahanati.

Miji hii ilipata halmashauri zake katika karne ya 21. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 68,000 Korogwe Mjini na 79,000 Handeni Mjini. Cheo cha mji kilikuwa na gharama yake. Kisheria, serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo na kutoza michango. Mtaa hauna uwezo huo. Kijiji kinapogeuzwa mtaa, mwenyekiti hubaki na wajibu wa kuhamasisha usafi, lakini sheria ndogo, ada ya taka na gari huhamia halmashauri. Kodi ya maendeleo ilikuwa imefutwa mwaka 2003, kwa hiyo ada na faini zilizidi kutegemewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 iliweka wazi kwamba taka ngumu ni jukumu la mamlaka za serikali za mitaa.

Mahakama zilikwisha kuonyesha kwamba jukumu hilo linaweza kudaiwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga na kuchoma taka karibu na makazi yao, na Mahakama Kuu ikaamuru jalala hilo lifungwe.

Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za uhuru na kuigeuza siku hiyo kuwa ya usafi nchi nzima. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi, na katika miji mingi maduka hufunguliwa baada ya kazi hiyo. Utaratibu huo uliongeza nguvu ya ufagio kuliko ya gari. Lundo linaloachwa kwenye kizimba cha taka hutawanywa na mbwa na upepo. Mkazi hulalamika kwamba analipa ada bure, na halmashauri hujibu kwamba wengi hawailipi.

Aina ya taka nayo imebadilika. Korogwe ni kituo cha mabasi ya njia ya kaskazini, na abiria huacha chupa na vifungashio visivyooza. Handeni, yenye uhaba wa maji wa miaka mingi, hutegemea pia malambo, ambamo mvua huweza kusombea taka. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019, liliondoa mifuko ya rambo madukani, lakini chupa zilibaki. Jaa la nyuma ya nyumba haliwezi kuziozesha, kwa hiyo uzoaji, ambao zamani kaya ziliweza kuishi bila huo, sasa ndio sehemu ya usafi ambayo mtaa hauwezi kuimaliza peke yake.